Vipuri vya mtumba vya Yamaha DT125: "inaingia" haitoshi

Kwenye meza za spea za mtumba, neno linalouza kuliko yote ni "inaingia". Muuzaji wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kirinyaga Road, Nairobi, akikwambia pistoni fulani inaingia kwenye DT125, huenda hadanganyi hata kidogo. Itaingia. Kinachotakiwa kujulikana ni kama injini itatembea nayo miaka miwili au itanoki kwenye mlima wa kwanza.

DT125 ni pikipiki ya lami na ya porini, na imebeba maafisa ugani na wahudumu wa afya miaka mingi. Imetoka kwa matoleo mengi, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa. Ile inayopozwa kwa hewa ina silinda ya kipenyo cha 56 mm na mwendo wa pistoni wa 50 mm, jumla cc 123. DT125R inayopozwa kwa maji ina kipenyo hicho hicho cha 56 mm, lakini mwendo wake ni 50.7 mm. DT175 inayopozwa kwa hewa ina mwendo wa 50 mm kama ndugu yake mdogo, ila silinda ni 66 mm. Ukipima kipenyo peke yake, pistoni ya R inaonekana ni yako. Urefu kutoka kwenye pini hadi kichwani na mahali pa matundu yake ni habari nyingine. Kwa hiyo weka ya zamani na hiyo ya mezani ubavu kwa ubavu, pini ikiwa imepitishwa zote mbili, kabla ya kutoa hela.

Msaada mkubwa ni namba ya kipuri. Yamaha huiandika kwa mafungu: herufi na tarakimu tatu za mwanzo ni modeli ambayo kipuri kilitengenezewa kwanza, tano za kati ni aina ya kipuri, mbili za mwisho ni toleo. 11311 ni bloku, yaani silinda yenyewe. 11631 ni pistoni ya kawaida, 11635 ni ya ovasaizi (kubwa kidogo, ya bloku iliyochongwa) ya 0.25 mm na 11636 ni ya 0.50 mm. Namba zinazoanza na 93306 ni beringi, na 93102 ni sili za oili. Hizo hazifungwi na modeli moja, hivyo zinaweza kulingana kabisa na za pikipiki nyingine ya Yamaha. Njoo na namba zako zimeandikwa kwenye karatasi kutoka kwenye katalogi. Namba ikilingana yote, mabishano yanaisha.

Bloku ndiyo inayostahili muda wako mwingi. Vernia ya kawaida haioni uchakavu wa silinda, lakini ringi moja ya pistoni na filagoji (vibati vyembamba vya kupimia nafasi) vinauona. Ingiza ringi peke yake kwenye bloku, isukume kwa kichwa cha pistoni ili ikae sawa, mara ya kwanza chini kabisa, chini ya poti (matundu ya silinda), mahali ambapo ringi hazifiki injini ikifanya kazi. Pima pengo la ncha zake. Kisha isogeze juu, karibu sentimita moja na nusu kutoka ukingoni, upime tena. Tofauti ya mapengo gawanya kwa 3.14 na utapata kipenyo kimekua kiasi gani. Pengo likiongezeka 0.16 mm, bloku imelika 0.05 mm, na hapo ni ya kuchongwa. Angalia basi ilishachongwa mara ngapi: ikiwa ilikuja na pistoni yenye alama ya 1.00 kichwani, umefika mwisho wa ngazi, iache. Pitisha ukucha kwenye kingo za poti pia. Kingo kali au zilizovunjika hunasa ringi.

Krenki ya mtumba ni kipuri chenye hatari zaidi, na mimi singeinunua bila kuishika. Shika konrodi, mkono unaounganisha krenki na pistoni, ivute juu na kuisukuma chini bila kuizungusha: usisikie mchezo hata kidogo. Kuyumba kwa ncha ya juu kushoto na kulia ni kawaida. Yamaha huruhusu karibu 0.8 hadi 1.0 mm, na mwisho ni 2.0 mm. Nafasi ya ubavuni ya ncha ya chini huwa kati ya 0.2 na 0.7 mm. Krenki iliyoliwa na kutu kwenye konrodi ni ya kurudisha mezani, hata kama muuzaji anaahidi kuisugua.

Sili za krenki usinunue mtumba kwa bei yoyote. Injini ya 2T (mipigo miwili), kama hii, hubana hewa na petroli ndani ya keshi, ganda linaloshika krenki. Sili ya upande wa magneti ikivuja, hewa ya ziada inaingia, mchanganyiko unakuwa mwembamba na pistoni inaungua. Ya upande wa klachi ikivuja, injini inavuta oili ya gia: moshi mweupe usiokwisha na oili inayopungua bila kuonekana chini. Fundi anapofungua injini, weka zote mbili mpya. Keshi yenyewe inunuliwe nusu mbili za jozi moja, kwa sababu zilichongwa pamoja kiwandani.

Pampu ya Autolube, inayoipa injini oili ya 2T yenyewe, inahitaji maneno ya pekee. Pampu ya modeli nyingine inaweza kufungwa kwa skrubu zile zile na bado ikatoa oili kidogo kuliko injini inavyodai. Kagua meno ya gia yake, zungusha kwa mkono huku bomba la kuingiza likiwa ndani ya oili, uone matone yakitoka kwa mpigo. Ukishaifunga, fungua skrubu ya kutolea hewa hadi mapovu yaishe, na linganisha alama ya puli na waya wa eksileta. Tangi la kwanza changanya 100 ml za oili ya 2T kwa kila lita 5 za petroli. Moshi utakuwa mwingi, lakini pampu ikiwa mbovu bado pistoni ina kilainisho.

Kwa umeme, uliza volti. DT125 za zamani ni za volti 6, za baadaye ni 12. Koili za magneti ya 12 ukiziunganisha na balbu za 6, balbu zinaungua. Ukigeuza, taa inakuwa kama mshumaa. CDI, kile kisanduku cha kuwashia cheche ya plagi, haipimiki kwa mita. Omba ichomekwe kwenye pikipiki inayowaka, ya aina yako, mbele ya macho yako.

Vingine ni rahisi. Tangi, swingi amu, stendi, rimu ya 21 mbele na 18 nyuma, nunua mtumba. Tangi lichungulie kwa tochi, rimu izungushe, mirija ya shokapu ya mbele iviringishe juu ya kioo: ikitikisika, imepinda. Kichwa cha silinda kiweke juu ya kioo chenye msasa wa namba 400 hadi 600 na ukisugue kwa umbo la nane. Mahali pasipong'aa ndipo palipobonyea.

Ukinunua injini nzima, linganisha namba iliyogongwa kwenye keshi na karatasi za muuzaji kabla ya kulipa, na risiti iitaje namba hiyo. Iliyosuguliwa au kugongwa upya, ondoka.