Baiskeli ya kapu kwenye masika ya Mwanza: uzoefu wangu wa delivari

Mwenye haraka achukue jibu hapa hapa. Kwa kazi ya delivari Mwanza mjini wakati wa mvua, baiskeli niliyoikubali ni mtumba wa Japani: kapu mbele, fremu iliyoshuka katikati, gia tatu zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya nyuma. Ndiyo, ile ile ambayo vijana wa kijiweni wanaiita ya kike. Wamenicheka Kirumba, wamenicheka Mlango Mmoja, na mteja mmoja wa Pasiansi aliuliza kama nimeazima kwa shangazi. Sawa tu.

Nabeba vitu vidogo vidogo: vipuri vya magari kutoka maduka ya mjini kwenda gereji za Nyakato, maboksi ya dawa kutoka duka la jumla, nyaraka za mawakili, mara moja moja keki. Njia kuu ni tatu. Makongoro inakupeleka Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege, Nyerere inakwenda Mabatini, Nyakato na Igoma, na Kenyatta inapita Igogo na Mkuyuni kuelekea Nyegezi na Buhongwa. Hizo hazina maneno. Maneno yako pembeni, maana mji huu umekaa juu ya mawe: mteja akisema yupo Bugando, Isamilo au Capri Point, utapanda, na ukishapanda utashuka na mzigo wa mtu mwingine. Kupanda ukishindwa unasukuma, hakuna aliyekufa. Baiskeli ya kazi naichagua kwa jinsi inavyoshuka.

Mvua zetu zinakuja mara mbili, vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba na masika kuanzia Machi hadi Mei. Maji yanaposhuka kutoka vilimani yanaleta chenga za mawe, mchanga mkali wa yale majabali yetu, na kuutandaza juu ya lami hasa kwenye kona. Barabara za mawe zinazopanda kwenye makazi ya vilimani zikilowa zinateleza ajabu. Chini huku Mabatini, Mto Mirongo ukijaa, shimo na lami vinakuwa kitu kimoja, na usipoijua barabara kwa moyo ni bora ushuke.

Huwa natazama video za wenzetu wanaofanya kazi hii Kanada na Ulaya ya kaskazini wakati wa theluji. Tairi zao zina misumari midogo ya chuma ili zishike barafu, na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha hiyo barafu inakula cheni na waya za breki kama mchwa. Wengi wao baiskeli nzuri wanaiweka ndani majira hayo, wanatoka na ya gia moja au ya gia za ndani ya habu, yenye madigadi marefu. Kipupwe chetu cha Juni hadi Agosti ni kikavu, kinachohitajika ni sweta la asubuhi tu, kwa hiyo misumari hainihusu. Lakini ukiweka mchanga wa Bugando mahali pa chumvi yao, hesabu inafanana.

Kabla ya hii ya kapu nimefanyia kazi baiskeli nyingine mbili. Ya kwanza ni ile nyeusi ya namba 28 yenye breki za fimbo, baiskeli iliyolea nusu ya Usukuma. Siwezi kuitukana. Inabeba gunia, spoku zake zinapatikana hadi kwenye duka la sabuni kijijini, na fundi yeyote anaifungua huku anapiga soga. Ila breki zake zinafanya kazi kwa raba mbili kuvutwa juu dhidi ya ringi ya chuma kilichopakwa kromu, na chuma hicho kikilowa ni kioo. Unakamata breki, gurudumu linazunguka kwanza kufuta maji, ndipo linaanza kufikiria kupunguza mwendo. Kwenye tambarare za Shinyanga hilo halina shida kubwa. Kwenye mteremko wa Bugando, na daladala inasimama mbele yako bila taarifa, ni jambo la kuandikia wosia.

Ya pili ilikuwa ya milimani, ya mtumba pia, ringi za aluminiamu na gia nyingi nyuma. Breki zake kwenye maji ni bora kuliko za chuma, hilo nalikubali bila ubishi. Shida ni ule mchanga. Unaingia kwenye raba, na kila ukikamata breki unasaga ringi yako mwenyewe. Raba za masika zinaisha mapema mno, na ukuta wa ringi unakonda pole pole. Ukipitisha kidole ukahisi umeingia ndani kama bakuli, badilisha, maana ringi iliyokonda inaweza kupasuka kwa presha ya tairi. Ule mkono wa gia unaoning'inia nyuma nao unameza tope, nyasi, hata mifuko ya rambo. Na nyingi zinakuja bila madigadi, hivyo unafika kwa mteja mgongo una mstari wa matope kutoka kiunoni hadi kisogoni.

Sasa hii ya kapu. Kilichonivuta ni breki ya nyuma. Imo ndani ya dramu kwenye habu, raba hazigusi ringi kabisa, kwa hiyo mvua inyeshe isinyeshe, mkono wa kushoto unatoa jibu lile lile. Hapa mnunuzi awe macho, maana ziko za aina mbili na zinauzwa pamoja. Moja ni mkanda unaobana dramu kwa nje. Hiyo ikipata unyevu na vumbi inalia mpaka watu wa ng'ambo ya barabara wanageuka, na kwenye mteremko mrefu inachoka. Nyingine ina vipande vinavyosukumwa kwa ndani, imefunikwa vizuri, iko kimya, inahitaji grisi yake maalumu mara moja moja. Chukua hii ya pili hata kama muuzaji anaongeza bei. Kuipima ni rahisi: sukuma baiskeli ukitembea, kamata mkono wa kushoto peke yake, sikiliza. Ya mbele bado ni breki ya kawaida ya ringi, basi kwenye mvua naianza mapema kwa kuigusa gusa ili ifute maji.

Gia ni za Shimano, tatu tu, na raha yake ni kwamba unabadilisha ukiwa umesimama. Kwenye kipilefti cha samaki, ukikamatwa na foleni ukiwa gia nzito, unazungusha mkono tu, unaondoka na nyepesi. Ile ya milimani ilitaka ukanyage kwanza ndipo ikubali. Gia ya kwanza ni nyepesi kwa takriban asilimia 27 kuliko ya kati, ya tatu ni nzito kwa asilimia 36. Kwa miji tambarare ya Japani inatosha. Kwa Mwanza haitoshi ilivyo, kwa sababu spoketi ya nyuma, ile duara ya meno inayovutwa na cheni, inayokuja nayo ni ndogo, yangu ilikuwa ya meno 14. Fundi wangu wa Mabatini, mzee tunayemwita Namhala, aliitazama, akatazama mapaja yangu, akasema, “Mwanangu, hii ni ya kwendea sokoni kununua mchicha.” Akaweka ya meno 20, akaongeza pingili za cheni, akakata kidogo kava ya cheni kwa nyuma ili ipite. Ukinunua, panga gharama hiyo siku hiyo hiyo. Sasa Bugando napanda nimekaa kwenye siti. Kuna vichochoro vya Capri Point ambavyo bado nasukuma, na sioni haya.

Kwenye ekseli upande wa kulia kuna kijisanduku kidogo kinachopokea waya wa gia. Hicho ndicho moyo wake na kiko nje nje. Usiilaze baiskeli upande huo, na usiiegemeze kwenye ukuta kwa upande huo. Gia zikianza kuruka, weka namba 2, kisha rekebisha waya mpaka alama zilingane kwenye kidirisha chake. Mafundi wengi hawajazoea habu hizi, na fundi asiyezoea atataka kuifungua. Usikubali afungue kitu ambacho tatizo lake ni waya.

Taa ilinishangaza kuliko yote. Dainamo imo ndani ya habu ya mbele. Zile dainamo za chupa zinazosugua tairi zikilowa zinateleza, na taa inazima wakati ule ule unapoihitaji. Hii haijui mvua ni nini. Saa moja jioni, wingu limesimama upande wa ziwa, giza limeingia kabla ya wakati wake, mimi naonekana.

Kwenye tairi ndiko watu wanakoumia pesa. Tairi yake imeandikwa 26 × 1 3/8. Ya milimani imeandikwa 26 × 1.95. Muuzaji atakuambia zote ni namba 26, chukua. Haziingiliani! Soma namba ndogo pembeni ya tairi: ya kapu ni 590, ya milimani ni 559, ile nyeusi ya namba 28 ni 635. Hiyo ni kipenyo cha mahali tairi inapokaa kwenye ringi, kwa milimita, na haina mjadala. Tairi za 590 hazipatikani kila duka, kwa hiyo ninazo za akiba chini ya kitanda, na mke wangu ameshalizungumzia suala hilo.

Pancha nayo ina adabu yake. Kutoa gurudumu la nyuma la baiskeli hii ni kazi ya nusu siku: breki, waya wa gia, kava ya cheni, stendi, vyote vinashikana hapo. Usilitoe. Legeza upande mmoja wa tairi, vuta tyubu nje sehemu iliyotoboka, ziba, rudisha. Solusheni haishiki kwenye mpira uliolowa, basi tafuta baraza, futa kwa kitambaa kikavu, sugua kwa msasa, subiri ikauke kweli kweli. Siku za mvua kubwa napunguza upepo kidogo tu kwenye tairi ili zishike vizuri. Ukipunguza sana mashimo yatakung'ata tyubu.

Cheni ndiyo inayokula pesa polepole. Ile kava inasaidia mno, lakini mchanga unaingia hata hivyo. Kila jioni ya mvua nafuta kwa kitambaa, natia oili ya maji maji kidogo, nafuta tena ya ziada, maana oili iliyobaki nje inakamata mchanga. Kujua kama imevutika chukua rula ya mtoto wa shule: pingili 12 kamili za cheni mpya, ya ndani na ya nje zikihesabiwa kuwa moja, zinachukua inchi 12. Ikizidi kwa sehemu ya kumi na sita ya inchi, itoe kabla haijala meno ya spoketi.

Mavazi nitayapita haraka. Koti la plastiki kwa joto letu linakulowesha kwa jasho kutoka ndani, kwa hiyo mimi navaa bukta na katambuga, nalowa, nakauka. Mzigo ndio unaovaa: lailoni nzito juu ya kapu, turubai kwenye keria, vyote vimebanwa kwa mipira ya tyubu kuukuu. Keki naiweka kapuni juu ya kipande cha godoro na natoza zaidi, kwa sababu kapu linageuka na usukani na kila shimo linafika kwenye krimu. Madigadi nimeyaongezea ulimi wa mpira chini, viatu vinapumzika.

Upande wa hasara: ni nzito kwa umbo lake, inachosha kwenye upepo wa ziwa ukienda Pasiansi mchana, na vipuri vyake utavitafuta. Bei niliyonunulia ilikuwa laki mbili na ushee kabla ya spoketi, na nilimwacha muuzaji aone kwamba naondoka mara mbili kabla hajashuka hapo. Anayebeba gunia la mkaa au kreti za soda aichukue ile nyeusi na kubadilisha ringi ya mbele iwe ya aluminiamu kama atapata inayoingia. Keria ya hii yangu haikuundwa kwa mizigo hiyo. Anayefanya kazi za Buhongwa na Igoma tu, barabara kuu kwenda na kurudi, pengine hazihitaji gia zangu. Kwa anayeitwa vilimani Aprili, asubuhi, na boksi la dawa ambalo mama wa duka ameshakwambia, “Baba, likilowa unalinunua,” angalia kwanza kilichomo kwenye habu ya nyuma, ndipo uulize bei.