YouTube au Internet Archive kwa kikundi cha filamu mtaani?

Ukitazama peke yako kwenye simu, YouTube inatosha kabisa. Lakini mkiwa watu thelathini mbele ya shuka jeupe, bando likikata, filamu imekwama na watoto wanaanza kupiga miluzi.

Hapo ndipo naipenda Internet Archive, maktaba ya mtandaoni iliyoanzishwa San Francisco mwaka 1996. Filamu kongwe, nyingi zikiwa bubu, unapakua mchana, unaweka kwenye flashi, jioni projekta inawaka bila intaneti. Picha nyingine zina mikwaruzo, na manukuu ya Kiswahili ni nadra. Haki miliki nazo zikague, maana filamu kupatikana pale si ruhusa ya kuionyesha hadharani.

Anzeni na filamu bubu: mmoja asimame kando, atafsiri maandishi yanayotokea kwenye filamu kwa sauti kama kwenye kibanda umiza.