Fundi wa Nyakato aliyeniuliza gari linalala wapi

Mnaotafuta fundi wa buti la gari linaloingiza maji hapa Mwanza, nawaelekeza Nyakato, upande wa gereji za bodi. Sehemu yenyewe haina bango. Utaona turubai la bluu, magari mawili yasiyo na injini, na mzee mwembamba ambaye ukimwambia "Mwangaluka" anaitikia, anauliza na habari za watoto, ndipo anageukia gari. Mimi nauza vitenge na buti ndilo stoo yangu, kwa hiyo simsifii bure.

Gari langu ni dogo, la mlango wa nyuma unaofunguka kwenda juu. Mvua ikipiga usiku, asubuhi nakuta maji yamesimama kwenye shimo la tairi la spea, spana zina kutu, zulia limelowa. Maji hata si tatizo kubwa kama harufu. Kitenge kipya kikinuka ukungu, mteja anaamini ni mtumba, na hapo hata ushushe bei vipi umeshamkosa.

Kabla ya mzee huyu nilishapita kwa wengine. Mmoja aliniuzia raba mpya ya mlango wa buti. Mwingine alifungua taa za nyuma, akabadilisha gasketi, kisha akazungushia silikoni mpaka taa zikaota ndevu. Wa tatu alitaka kutoboa sakafu ili maji yajitokee yenyewe! Nilimkatalia. Mzee alipoisikia hiyo alicheka, halafu akanyamaza kidogo, akasema tundu la pale linaingiza vumbi, na moshi wa ekzosi nao unapata njia ya kuwafikia mliokaa ndani.

Swali lake la kwanza ndilo lililonifanya nimwamini. "Mama, gari linalala wapi?" Isamilo, mlimani. "Pua inaangalia juu au chini?" Juu. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeshapata jibu. Wenzake wote walilimwagia maji likiwa mahali tambarare, wakaona pakavu, wakaanza kubahatisha. Likiegeshwa pua juu, maji yote ya paani yanakimbilia nyuma na kutuama pale bawaba za mlango zinapofungwa kwenye paa. Nusu ya mji huu tunalaza magari kwenye miteremko ya mawe, lakini hakuna aliyewahi kuniuliza hilo.

Akaondoa zulia, spea na plastiki zote za pembeni, akakausha kwa matambara, akapaka unga wa chaki kwenye bati la ndani ili tone likipita liache mstari. Magurudumu ya mbele akayapandisha kwenye mbao nene, ya nyuma akayawekea mawe. Kijana wake akajikunja ndani ya buti na tochi, mlango ukafungwa. Jirani anaosha magari na ana pampu ya nguvu, lakini mzee aliikataa, akidai presha ile inasukuma maji hadi mahali ambapo mvua haifiki, halafu unaziba pasipovuja. Alitumia mpira wa kawaida, maji yakitiririka polepole, akianzia chini. Kwenye taa, kavu. Kwenye raba, kavu. Alipofika kwenye bawaba ya kushoto, kijana akagonga bati kutoka ndani.

Gundi ya kiwandani ilikuwa imepasuka. Maji yaliingilia hapo juu, yakashuka ndani ya nguzo nyuma ya plastiki, yakatokea karibu na taa. Ndiyo maana taa ilionewa. Akafungua bolti, akakwangua, akapiga msasa, akapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha gundi nyeusi ya bodi inayobaki laini kama mpira hata ikikauka. Zile ndevu za silikoni alizing'oa zote. Ile inayonuka siki, alisema, inakula bati.

Nililipa elfu hamsini na tano, gundi na rangi humo humo. Raba niliyouziwa bila sababu ilizidi hapo.

Sasa kasoro, maana zipo. Mzee hana haraka hata kidogo, na gari linalala kwake ili gundi ikauke. Mawingu yakitanda hapaki kitu, utarudi siku nyingine. Simu hapokei. Risiti hakuna. Vibanio viwili vya plastiki vilivunjika, akaweka vya rangi nyingine. Mimi sijali, ila mwenye gari la kuringia atanuna.

Masika yamepita, shimo la spea ni kavu na zulia halinuki. Ukienda, nenda asubuhi, na buti liwe tupu. Mimi nilikwenda na marobota, ikabidi mama lishe wa jirani anihifadhie, na kwa aibu nikanunua sato ambaye sikuwa na njaa naye.