Jino la kupandikiza: tunalipendekeza, ila kwa kliniki inayopima kabla ya kutoboa

Kwa mtu aliyepoteza gego moja huku meno ya jirani yakiwa mazima, hakuna huduma iliyo bora kuliko jino la kupandikiza. Daraja humlazimu daktari kusaga meno mawili mazima ili yabebe la katikati. Meno bandia ya kuvaa na kuvua hucheza na kukandamiza fizi. Jino la kupandikiza husimama peke yake. Tunalipatia alama za juu, lakini alama hizo huanguka kabisa kliniki ikifanya haraka.

Unalipia vitu vitatu: skrubu ya titaniamu inayozama mfupani (kwa kawaida kipenyo cha milimita 3.5 hadi 5 na urefu wa 8 hadi 12), kiungo kinachopita kwenye fizi, na kofia ya jino, mara nyingi ya zirkonia (kauri ngumu nyeupe). Bei ya kuvutia kwenye tangazo aghalabu ni ya skrubu tu. Dai bei ya vyote vitatu kwa maandishi, pamoja na picha, na unga wa mfupa (wa kujazia mfupa uliopungua) kama utahitajika.

Picha ndiyo kipimo chetu cha kwanza cha kliniki. Eksirei bapa huonyesha urefu wa mfupa, haionyeshi unene wake. Kwa hiyo itakiwe skani ya pande tatu, yaani CBCT. Chini ya magego ya taya la chini hupita mshipa wa fahamu, na ncha ya skrubu inapaswa kubaki angalau milimita 2 juu yake. Mshipa ukijeruhiwa, mdomo wa chini na kidevu hufa ganzi, pengine moja kwa moja. Kwenye taya la juu, kikwazo ni uwazi wa sinasi, yaani nafasi ya hewa iliyo juu ya magego, ambao mara nyingi hudai kuongezwa mfupa na kusubiri miezi zaidi. Pengo la zamani nalo lina gharama yake: ndani ya mwaka mmoja wa kung'oa, upana wa mfupa unaweza kupungua hadi karibu nusu, na sehemu kubwa huenda katika miezi 3 ya mwanzo.

Upasuaji wenyewe ni mwepesi kuliko watu wanavyoogopa. Ni ganzi ya kawaida ya meno, na skrubu moja huchukua kama dakika 30 hadi 60. Utasikia mtetemo na kusukumwa, si maumivu. Tazama kama maji ya chumvi yanamwagika muda wote kwenye keekee, maana mfupa ukipashwa hadi nyuzi 47 kwa dakika moja huanza kufa, na skrubu iliyozungukwa na mfupa uliokufa haishiki. Uvimbe hufika kilele siku ya 2 au ya 3, kisha hushuka. Maumivu yakizidi badala ya kupungua baada ya hapo, au usaha ukitoka, rudi. Ganzi ikiwa haijaisha kesho yake asubuhi, piga simu palepale, kwa sababu skrubu inayoubana mshipa hutakiwa kutolewa ndani ya siku moja na nusu hivi ili mshipa upate nafasi ya kupona.

Halafu kuna kusubiri, na hapa ndipo wengi huharibu: miezi 3 hivi kwa taya la chini, 4 hadi 6 kwa la juu, ili mfupa uishike skrubu. Wiki ya 3 na ya 4 ndizo dhaifu kuliko zote. Mfupa wa zamani ulioibana skrubu unamomonyoka, mpya haujakomaa. Mgonjwa hasikii chochote, kwa hiyo anaona amepona, anaanza kutafunia upande ule mahindi ya kuchoma na mifupa ya kuku. Skrubu ikicheza kidogo tu wakati huo, hufunikwa na nyama laini badala ya mfupa, na itabidi itolewe.

Kwenye kofia, chagua inayofungwa kwa skrubu kuliko ya kubandikwa kwa saruji, kama pembe ya jino inaruhusu. Saruji ikijificha chini ya fizi huleta uvimbe unaokula mfupa. Kwa waliokulia Arusha, Kilimanjaro na sehemu za Bonde la Ufa zenye maji ya floridi nyingi, madini yanayotia meno madoa, fundi aige madoa ya meno ya jirani. Kofia nyeupe tupu itajulikana kutoka mbali.

Kofia ikianza kucheza, usiiache hivyo: mara nyingi ni skrubu yake ndogo imelegea, na kukazwa mapema huizuia isikatike. Anayesaga meno usiku avae kinga. Sigara na kisukari kisichodhibitiwa ni maadui wakubwa, na anayetumia dawa za kuimarisha mifupa, hasa za sindano, amwambie daktari mapema. Damu kwenye fizi wakati wa kupiga mswaki ni dalili ya kushughulikiwa hata kama hakuna maumivu. Tumia brashi ndogo za katikati ya meno, zenye waya uliofunikwa plastiki.

Wanaofuata bei nafuu India au Uturuki wapige hesabu ya safari mbili, na wafikirie nani atakaza skrubu wakisharudi. Popote utakapofanyia, usiondoke bila kadi yenye jina la kampuni ya skrubu, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Kila kampuni ina bisibisi na viungo vyake, na daktari asiyejua amekuta skrubu ya nani hulazimika kubahatisha mdomoni mwako.