Mafunzo ya kutafuta taarifa, maktaba ya chuo chetu: nyota 4 kati ya 5

Chuo sikitaji, waliopo watajijua. Naanza na ubaya ili niumalize.

Wiki ya kwanza ya masta walitujaza kwenye ukumbi mmoja na fest yia wote, projekta inafifia, madam wa maktaba yuko mbele kuleee anaelezea sijui databesi sijui bulian, masaa mawili, nusu ya watu wanaulizana bumu linaingia lini. Sikushika hata kimoja. Na simlaumu, maana siku ile hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na kitu anakitafuta.

Miezi nane baadaye ndo kimeniwakia. Propozo yangu ni ya sumukuvu kwenye mahindi, jinsi wakulima wanavyohifadhi, sasa usiku wa kuamkia siku ya kusabmiti nikaona referensi chache nikaiambia ChatGPT iniongezee nne, ikanipa fastaa, waandishi, mwaka, volumu, kurasa, zimekaa vizuri kuliko nilizotafuta mwenyewe. Supavaiza akazizungushia zote nne kalamu nyekundu, pembeni kaandika "niletee hizi". Nikazisaka usiku kucha mpaka bando likakata, hola.

Mshkaji mmoja pale kimbwetani akaniambia si uende kwa mkutubi, unaandika jina kwenye kaunta buku unapewa muda wako peke yako, bure. Kusema kweli nilijua kazi yao ni kugonga mihuri na kutufukuza muda wa kufunga.

Madam akaniambia "kaa baba, lete hizo referensi". Hakunicheka wala hakunihubiria. Akachukua kichwa cha makala ya kwanza akakifungia kwenye alama za kunukuu akakitupa Google Scholar, hakuna. Akabandika ile DOI, namba ya utambulisho ya makala mtandaoni, haifunguki. Akaingia kwenye tovuti ya jarida lenyewe, volumu ile ile, kurasa zile zile, tukakuta watu wengine kabisa wanaongelea samaki 😂 Tatu hazipo duniani, ya nne ipo ila haisemi nilichoisemesha. Dakika kumi hizo, na mimi nilikesha.

Halafu akaniuliza swali la utafiti wako ni nini, nikaanza kumwaga maelezo, akanikata, "niambie kwa maneno manne". Sumukuvu, mahindi, kuhifadhi, Tanzania. Akachora safu nne kwenye karatasi, chini ya kila neno tukawa tunajaza ndugu zake kwa Kiingereza maana databesi ndo lugha yake hiyo, na hapo ndo nikagundua miezi yote hiyo natafuta "maize" tu wakati Wamarekani wanaandika "corn", tafiti kibao zilikuwa zinanipita hivi hivi. Ndugu wa safu moja unawaunganisha kwa OR, safu na safu kwa AND, na ukiweka kinyota mwisho wa neno aflatoxin, yaani sumukuvu, unapata na wingi wake. Kumbe bulian yenyewe ndo hii! Tukaingia AGORA, mpango wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa majarida ya kilimo kwa nchi kama zetu, upo tangu 2003, nywila chuo kinayo siku zote na mimi kila nikikutana na ukurasa unaodai dola nafunga. Nikatoka na makala 41, zikiwemo za ule mlipuko wa watu kuugua sumukuvu wa 2016, Dodoma na Manyara. Akaniwekea na Zotero, ya bure, referensi zinajipanga zenyewe, sitaki hata kukumbuka zile koma nilizokuwa naweka kwa mkono.

Wakati inadaunilodi nikamchimba kidogo. Alianzia diploma ya ukutubi Bagamoyo, akaja digrii, akaja masta, na kupanda cheo anatakiwa achapishe makala kama mhadhiri yeyote. Ila idara zinamkumbuka mhadhiri akiwa na safari, aje azibe pengo la kipindi. Na wanafunzi wanakuja wiki ya mwisho na jambo moja tu, Turnitin, ile programu inayoonesha asilimia ya maandishi yako yanayofanana na ya wengine, "madam nishushie asilimia". Anasema asilimia peke yake haimaanishi umeiba, inabidi ripoti isomwe, maana inaweza kukamata hata orodha yako ya marejeo, lakini nani ana muda wa kusikiliza na foleni iko mpaka mlangoni. Anachoomba miaka yote ni apewe vipindi ndani ya kozi ya mbinu za utafiti, pale watu wanapoandika propozo, hajapewa. Hiyo ndo nyota niliyokata, nimeukata uongozi, siyo yeye. Ongeza na kompyuta nne kwa chuo kizima jamani.

Kwa hiyo ukumbini nenda ukasaini tu, ila jina kwenye kaunta buku andika mapema, uende na swali lako na kazi yako mkononi hata kama ni mbovu.

Mimi narudi Alhamisi saa nne. Nimetumiwa imeili na "jarida la kimataifa", wananiita Profesa, makala inapitishwa ndani ya siku tatu ukishalipa. Madam aliwahi kunigusia kuna mkutubi mwenzao Marekani, Jeffrey Beall wa University of Colorado Denver, alikuwa na orodha ya majarida ya kitapeli mpaka ilipoondolewa mtandaoni Januari 2017. Nataka anioneshe siku hizi wanayakamata vipi, na nikiri tu, lile neno Profesa lilinipendeza kidogo.