Ushauri nasaha kwa mara ya kwanza: ana kwa ana au kwa video?

Kikao cha kwanza hakitofautiani sana: dakika 45 hadi 60, nyingi zikiishia kwenye maswali ya usingizi, dawa unazotumia, familia, na kama umewahi kufikiria kujidhuru. Usitarajie nafuu siku hiyo.

Ofisini, faida kubwa ni mlango unaofungwa. Mshauri anauona hata mguu unaotikisika chini ya meza, kamera haiuoni. Fika dakika 10 mapema ujaze fomu ya ridhaa, na usome vizuri panapoeleza ni lini siri yako inaweza kutolewa.

Video huokoa nauli, lakini chumba cha kupanga chenye kuta nyembamba humfanya mtu ajibu "niko sawa" kwa kila swali. Vaa hedifoni, washa redio karibu na mlango, au kaa ndani ya gari lililoegeshwa. Kubalianeni mapema nani atampigia mwenzake mtandao ukikatika. Akikuuliza uko wapi hasa, mtajie: anahitaji kujua pa kutuma msaada hali ikiharibika.

Unaishi na watu wengi? Anzia ofisini, walau vikao 3. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri miadi ya video. Aende hospitali leo hii, na asiende peke yake.