Wireshark: kabla hujaongeza kifurushi cha intaneti au kununua swichi mpya, anza na hii

Wakuu, nimeitumia vya kutosha hii programu ya Wireshark, inayonasa na kukuonyesha pakiti (vipande vya data) zinazopita kwenye netiweki, naona niwape mrejesho, hasa nyie mnaohudumia ofisi ndogo ndogo hapa Dodoma, maana tangu serikali ihamie huku ofisi zimejaa Area D, Kisasa, Ilazo mpaka njia ya Mtumba na nyingi unakuta zina kaseva kamewekwa chini ya meza.

Ofisi moja ya wahasibu Area D netiweki ilikuwa inakufa kabisa, printa haionekani, mafaili ya kwenye seva hayafunguki, taa za swichi (kile kiboksi kinachounganisha kompyuta zote kwa kebo) zinapepesa kwa fujo hata watu wakiwa wameenda kula. Wakashauriwa waongeze kifurushi cha intaneti. Tatizo lilikuwa ndani humo humo.

Nikachomeka laptopu kwenye swichi nikafungua Wireshark, muda huo huo skrini ikajaa ARP, yaani ile pakiti ambayo kompyuta inauliza mwenye IP fulani (anwani ya mashine kwenye netiweki) ni nani, pakiti ile ile inajirudia maelfu kwa maelfu na mtumaji anaonekana ni kompyuta ya keshia. Wengi hapo wangeirukia kompyuta ya dada wa watu waipige Windows upya. Tukaizima. Pakiti zake zikaendelea kumiminika na mashine imezimwa! Aisee hapo ndo nilipoipenda hii programu, maana ilionyesha wazi kwamba ujumbe ulitumwa mara moja tu ila kuna mahali unazungushwa. Tukachomoa kebo za seva, kimya. Kuzirudisha, mafuriko tena.

Aliyeifunga ile seva aliziunganisha kadi zake mbili za netiweki kwa briji, yaani kinachoingia kadi moja kinatokea ya pili, halafu kebo zote mbili akachomeka kwenye swichi ile ile, swichi yenyewe ya bei rahisi haina STP, ule utaratibu wa kugundua na kuzuia mzunguko. Sasa pakiti ya IP ina TTL, yaani namba ya kikomo ambayo kila pakiti ikipita rauta inapungua, ikiisha pakiti inatupwa, lakini fremu ya Ethernet (bahasha inayobeba data kwenye kebo) haina kitu hicho, kwa hiyo brodikasti (ujumbe wa kwenda kwa mashine zote, kama ile ARP) ikishaingia kwenye duara haitoki mpaka ukate duara lenyewe. Tukavunja briji, ikabaki kebo moja, watu wakaendelea na kazi na hakuna kilichonunuliwa.

Kasoro zipo. Kwenye swichi ya kawaida laptopu yako inaona brodikasti na trafiki yake yenyewe tu, kwa hiyo seva ikiwa na virusi inarusha vitu kwenda nje hutaona chochote, labda uifunge Wireshark kwenye seva yenyewe au uwe na swichi inayoweza kunakili poti moja kwenda nyingine. Pia inakula ramu balaa, kwenye mafuriko kama yale nasa kidogo usimamishe la sivyo laptopu inaganda. Na omba ruhusa ya bosi kwanza jamani, tovuti zisizo na HTTPS, yaani zisizoficha data njiani, paswedi za watu zinaonekana hivi hivi.

Si kitu kipya, ilianza 1998 ikiitwa Ethereal, jina likabadilishwa 2006, na mpaka leo ni bure. Mgeni asiogope zile rangi za mistari ya pakiti, nenda menyu ya Statistics halafu Endpoints uone nani anaongea sana. Kwa Windows wakati wa kuinstoo kubali na Npcap, kiprogramu cha kunasia pakiti kinachokuja nayo, bila hiyo hainasi kitu.